Severance msimu wa 2 umeisha: uko na Gemma au na Helly? Tupeane uzoefu

Popo wa Alfajiri (mwanzisha uzi)
Wakuu, kama hujafika episodi ya 10, ishia hapa. Tunamwaga yote.

Tangu Januari 17, 2025 Ijumaa zangu zimeanza kabla ya jogoo kwa ajili ya hii tamthilia, na ile ya mwisho ya Machi 21 imenivuruga. Kwa asiyeijua: wafanyakazi wa kampuni ya Lumon wanawekewa chipu kichwani, wa nje na wa ndani ya ofisi wanakuwa kama watu wawili wasiojuana. Mark wa nje aliwekewa ili akiwa kazini asimkumbuke mkewe Gemma, anayeamini amekufa. Sasa Mark wa ndani ndiye anayemtoa Gemma kule Lumon, anamvusha mlango wa ngazi, anageuka, anamwona Helly, mpenzi wake wa kule ndani, kasimama koridoni. Basi! Anamfuata Helly, Gemma amebaki anapiga mlango na kuita jina la mumewe.

Mimi niko na Mark wa ndani na sioni haya. Maisha yake yote ni korido nyeupe na kompyuta, halafu unamwambia avuke mlango apotee ili mwenzake akale maisha na mke? Mama watoto anasema nina roho ya kutu. Nyie imewagusa wapi?

Kobe Mzee
Mkuu, wewe hujafiwa. Mimi ni mgane. Episodi ya 7 niliisimamisha pale Gemma anapoaga kwenda kwa marafiki na Mark anabaki kusahihisha karatasi za wanafunzi. Marehemu wangu naye aliniaga nikiwa naangalia mpira, nikaitikia "haya" bila kugeuza shingo. Hiyo chipu ningeambiwa ipo wiki ile ya msiba, ningeifuata kwa miguu. Lakini ofisini ndiko walikonichangia rambirambi na kunifunika zamu zangu, sijui ningewajibu nini wakinipa pole ya mtu nisiyemjua. Niko na Gemma, na sibishani na mtu.

Chenga Tupu
Episodi ya 8 nililala. Bibi Cobel, bosi wa zamani wa kina Mark, anaendesha gari, theluji, bahari, theluji.

Popo wa Alfajiri
@Chenga Tupu umelala penyewe! Hapo ndipo tunajua Cobel ndiye aliyebuni chipu, na kina Eagan wenye Lumon wakajipa sifa. Ni dakika 37 tu, mkuu.

Karani Mkuu
Mimi wangu ni Milchick, yule msimamizi mweusi wa ofisi ya kina Mark. Kwenye tathmini ya kazi anaambiwa anatumia maneno makubwa na anabana karatasi vibaya. Baadaye anajifungia kuzipanga klipu moja moja, kisha kwenye kioo anaifupisha sentensi yake ndefu hadi linabaki neno moja. Nilipaliwa na chai. Bosi wangu wa zamani aliniita akasema barua pepe zangu "zina lugha ya kanisani", niandike kama wenzangu. Nikawa naandika "Poa, imefika." Na zile picha za mwanzilishi wa kampuni aliyepakwa weusi, eti zawadi kwa Milchick ajione yumo! Uso wa mwigizaji wake, Tramell Tillman, pale unatabasamu na kutukana kwa pamoja.

Bint Doha
Mie nipo mapokezi hotelini huku Doha. Mwanangu alipiga video nikiwa ndio kwanza natoka kaunta, nikamuitikia kwa ile sauti ya kazini, "Habari ya mchana, nikusaidie nini?" Akamgeukia bibi yake: "Huyu si mama." Tulicheka wote, lakini nilipofika kwa Dylan, mwenzake Mark kazini, na mkewe Gretchen nikakumbuka. Mke anampenda zaidi mume wa ndani, kwa sababu yule wa nje anarudi kachoka na hana la kusema. Mimi huku wageni wananisifia ucheshi. Nyumbani wananipata saa tano usiku, napiga miayo.

Kobe Mzee
@Bint Doha pole mwanangu. Piga asubuhi kabla hujavaa sare.

Mchungaji wa Kweli
Hakuna aliyezungumzia mbuzi? Kwetu ni wafugaji. Lorne, mlezi wa mbuzi wa Lumon, anapoletwa amchinje mbuzi Emile na kukataa, nilisimama. Nimeshapewa mbuzi niliyemlea kwa chupa nikaambiwa leo ni Idi. Nilishika kisu, nikamwita kaka. Halafu yule Drummond, mkubwa wa Lumon, anakufa ndani ya lifti kwa sababu Mark amebadilika kuwa wa nje na kidole kikashtuka kwenye bastola. Nani alifikiria hilo? Apewe mbuzi wangu bure.

Chenga Tupu
Nimerudi kuitazama ya 8. Nimelala tena, ila safari hii nilifika Cobel alipopata lile daftari lake la chipu.