Ulinganisho: kupiga kiuagugu kabla ya kuota, baada ya kuota, au mara zote mbili kwenye mahindi. Tupimeje?

Mbegu_Kavu
Wakuu, kuna njia tatu za kushindanisha kwenye mahindi:

A. Atrazini pamoja na S-metolakloro, siku moja au mbili baada ya kupanda, ardhi ikiwa haina hata jani.
B. Nikosulfuroni pamoja na mesotrioni, magugu yakiwa na majani 2 hadi 4.
C. A ikifuatiwa na B kwa yale yatakayopenya.

Shamba lina nyasi za msimu, mchicha pori na kishona nguo, pamoja na ndago kwa mabaka. Je, nigawe shamba kwa mistari mirefu au ploti ndogo? Tathmini ifanyike siku ya ngapi? Na ploti ya kupalilia kwa jembe ina kazi gani kama tayari ipo isiyopuliziwa kabisa?

Mpimaji
Naanza na hilo la mwisho, maana ndilo watu hulikata kwanza ili kupunguza kazi. Ploti isiyopuliziwa inakuonyesha magugu yalikuwa mengi kiasi gani. Iliyopaliliwa inakuonyesha mahindi yangezaa kiasi gani bila magugu na bila dawa. Ukiwa nayo ya kwanza tu, halafu B ikatoa mavuno chini ya matarajio, hutajua kama ni magugu yaliyobaki au ni dawa iliyouchoma mche. Mambo hayo mawili yana tiba tofauti kabisa.

Kwa hiyo una matibabu matano (yaani njia zinazolinganishwa): A, B, C, isiyopuliziwa na iliyopaliliwa. Ongeza la sita: B kwa dozi mara mbili ya lebo. Hilo halitafuti ufanisi, linapima usalama wa zao, kwa sababu mahali bomba linapopishana shambani mmea hupata dozi mbili. Sita kwa marudio manne ni ploti 24, na unabaki na digrii huru 15 za makosa (5 × 3), yaani kiasi cha taarifa ulichonacho cha kupima tofauti zinazotokana na bahati tu. Tano kwa marudio matatu zinakuachia 8 tu, na hapo hata tofauti kubwa itaonekana kama bahati.

Gawa marudio kufuata mteremko au unyevu, na ndani ya kila bloku (kundi la ploti lenye matibabu yote mara moja) piga kura upya. Usipange 1 hadi 6 kwa mfuatano uleule.

Trekta_Nne
Mimi natetea mistari mirefu. Ploti ndogo hupuliziwa na mtu makini, hatua kwa hatua, asubuhi tulivu, wakati shamba halisi linapuliziwa na bomu (boom, mkono mrefu wenye nozeli nyingi) linaloyumba. Mstari wa mita 100 kwa upana wote wa bomu unakuambia dawa itafanya nini mikononi mwa anayeitumia.

Mpimaji
Sawa mkuu, lakini mwenzetu ana mabaka ya ndago. Mstari mmoja ukiangukia baka, njia hiyo imeshahukumiwa kabla ya kufungua chupa. Ukitaka mistari, funga nozeli mbili au tatu za pembeni ili kila mstari uwe na ukanda wake usiopuliziwa ubavuni, kisha linganisha ukanda na jirani yake, si na ploti iliyo mita 60 mbali. Na bado unahitaji marudio. Mstari mmoja kwa kila dawa ni maonyesho, si jaribio.

Nozeli_ya_Njano
Majaribio mengi huharibika kwenye bomba, si kwenye dawa. Hesabu nzima hii hapa.

Ploti: mita 3 × 8, yaani mistari minne ya mahindi kwa nafasi ya sentimita 75. Usitumie nozeli moja ya mviringo iliyokuja na bomba la mgongoni, kwa sababu inamwaga zaidi sehemu moja na kuacha nyingine. Funga kijibomu cha mita 1.5 chenye nozeli tatu bapa za nyuzi 110, saizi 02 (rangi ya njano), zikiachana sentimita 50 na kuwa sentimita 50 juu ya kinachopuliziwa. Weka vali ya kushikilia shinikizo kwenye bar 2. Bila vali, mkono ukichoka tu dozi nayo inashuka.

Kwa bar 2 nozeli hiyo hutoa takriban lita 0.65 kwa dakika. Usiamini jedwali. Kinga kila nozeli kwa dakika moja kwenye jagi lenye vipimo, na inayotofautiana na wastani kwa zaidi ya asilimia 5 ibadilishe. Kutoboa kwa waya hakufai, kunapanua tundu.

Tembea mita 1 kwa sekunde. Kila ploti ni kwenda na kurudi, mita 16, yaani sekunde 16. Nozeli tatu kwa muda huo hutoa lita 0.52 juu ya mita za mraba 24, sawa na lita 217 kwa hekta. Muda ukifika sekunde 18, dozi imepanda kwa asilimia 12 na ushee, kwa hiyo mtu mwingine asimame na saa, na ploti yoyote iliyopotoka iandikwe palepale.

Ploti nne zinakula lita 2.1. Changanya lita 3, kwa kuwa mpira na sehemu ya chini ya tangi hubaki na mchanganyiko. Dawa ya lita 1.25 kwa hekta: 3 ÷ 217 × 1250 = mililita 17.3. Pima kwa sirinji, kizibo cha chupa hakifai. Dawa ya chembechembe ya gramu 60 kwa hekta inakuwa gramu 0.83, na hapo mizani ya jikoni haina msaada. Tafuta inayosoma hadi gramu 0.01.

Mbegu_Kavu
Shukrani sana mkuu. Je, bomba moja linatosha kwa matibabu yote?

Nozeli_ya_Njano
Linatosha ukifuata mpangilio: anza na dozi ndogo, maliza na kubwa. Kati ya dawa na dawa suuza mara tatu, ukipitisha maji hadi kwenye nozeli, na ufungue vichujio. Nikosulfuroni ina nguvu kwa gramu chache mno kwa hekta, hivyo masalia madogo tu yanaweza kudhuru zao nyororo. Tumia kisafishio chenye amonia. Bomba lililowahi kubeba 2,4-D liweke kando kabisa, kwa sababu hujificha kwenye mipira na kuachia polepole.

Udongo_Mzito
Kuna jambo la maji halijagusiwa. A hufanya kazi kwenye udongo, kwa hiyo inahitaji milimita 10 hadi 20 za mvua au umwagiliaji ndani ya siku 7 hadi 10 ili ishuke mahali mbegu za magugu zinapoota. Mvua isiponyesha, A itaonekana dhaifu hata kama dawa ni nzima. Andika mvua ya kila siku, vinginevyo matokeo hayasomeki.

Udongo wa mfinyanzi na wenye mboji nyingi hushika dawa, kwa hiyo soma kwenye lebo dozi ya udongo wako. Mabonge nayo ni shida: dawa hufunika juu ya bonge, bonge likivunjika magugu huota kutoka upande ambao haukuguswa. Na ukibadili S-metolakloro kwa pendimethalini, hakikisha mahindi yamefukiwa vizuri, sentimita 4 au zaidi. Punje iliyo juujuu ikikutana nayo, mizizi inavimba na kudumaa.

Atrazini inachelewa kuoza kwenye udongo wenye pH ya juu. Jamii ya maharage ikifuata, panda kipande kidogo cha majaribio kwanza.

Mchambuzi_wa_Nafaka
Kuhusu siku ya tathmini: siku moja haitoshi, na siku 7 inamwonea mwenye B. Nikosulfuroni husimamisha ukuaji mapema lakini gugu hubaki kijani kibichi, kifo kinakuja wiki mbili hadi tatu baadaye. Mesotrioni hung'arisha majani kuwa meupe, kwa hiyo inapendeza macho haraka. Anayetoa alama siku ya 7 anapima rangi, hajapima kifo.

Hesabu magugu kabla ya kupiga B, kisha siku ya 14, 28 na 56 baada ya kupiga. Tumia fremu ya sentimita 50 × 50, mara nne kwa ploti, na kila aina peke yake. Ukijumlisha yote, kishona nguo kilichokufa kitaficha nyasi zilizopona. Siku ya 56 kata magugu, kausha kwa nyuzi 70 za Selsiasi saa 48, pima. Isiyopuliziwa ikiwa gramu 320 kwa mita ya mraba na C ikiwa 48, udhibiti ni (320 − 48) ÷ 320, yaani asilimia 85.

Onyo la takwimu: usiingize ploti isiyopuliziwa kwenye uchanganuzi wa asilimia za udhibiti. Yenyewe ni sifuri kwa ufafanuzi, haina tofauti ndani yake, na inavuruga makadirio ya makosa. Kwenye uzito na idadi iingize.

Mavuno: vuna mistari miwili ya kati, acha mita 1 kila mwisho, zinabaki mita za mraba 9. Rekebisha unyevu hadi asilimia 13. Kilo 7.2 za punje zenye unyevu wa asilimia 20 ni 7.2 × 80 ÷ 87, sawa na kilo 6.62, au karibu tani 7.4 kwa hekta.

Jembe_na_Bomba
Mambo matatu yanayoiua B au kuyaua mahindi yenyewe:

Kuchelewa. Nyasi ikishachipua vichipukizi, dozi ya lebo inaiumiza tu, kisha inarudi. Na magugu yaliyoachwa hadi mahindi yafike majani 8 yameshakula sehemu ya mavuno hata ukiyaua yote siku hiyohiyo.

Viuadudu vya jamii ya oganofosfati. Mahindi hupona kwa sababu yanaivunjavunja nikosulfuroni haraka. Dawa hizo huzuia uvunjaji huo, na mesotrioni nayo inahusika. Acha siku 7 kabla na baada, na soma lebo kuhusu zilizowekwa ardhini wakati wa kupanda.

Kuhamisha mpango huu kwenye mtama. Nikosulfuroni inaua mtama wa kawaida. S-metolakloro inahitaji mbegu iliyopakwa kinga yake.

Trekta_Nne
Na ndago je? Naona kila mtu anaikwepa.

Mpimaji
Hakuna kati ya A, B na C itakayoimaliza. Viazi vyake vya chini vinachipua upya. Halosulfuroni inaruhusiwa kwenye mahindi na inaiweza zaidi, ila ni kundi la 2 la HRAC (orodha ya kimataifa inayopanga viuagugu kwa jinsi vinavyoua), sawa na nikosulfuroni, kwa hiyo kwa upande wa usugu hujabadilisha kitu. Kwa jaribio hili, chora ramani ya mabaka kabla ya kupanda, weka bloku zisizokatiza baka katikati, na uihesabu ndago kwenye safu yake ya daftari.

Mbegu_Kavu
Basi ni ploti 24, bloku nne, na bloku ya nne nzima naihamishia upande wenye ndago ili baka liwe ndani ya bloku moja. Nyasi zitakazopona kwenye dozi mara mbili nizifanyeje?

Mchambuzi_wa_Nafaka
Ziache zikomae, kusanya mbegu zake kwenye mfuko wa karatasi, aina kwa aina. Zioteshe kwenye vyungu pamoja na mbegu za aina hiyohiyo kutoka mahali pasipowahi kupuliziwa, mimea mitano kwa chungu. Zikifika majani 3, piga nikosulfuroni kwa nusu ya dozi, dozi kamili, mara mbili na mara nne, halafu soma siku ya 21. Zikifa zote sawasawa na za ulinganisho, tatizo lilikuwa ukubwa wa gugu au bomba. Zikisimama wakati zile nyingine zimelala, ni usugu, na kundi la 2 litoke kwenye mpango wa shamba hilo.