Mada: Vepu mbovu, duka linasema "waandikie kiwanda"

Mama Imani, Reading

Shikamooni wakubwa, na wengine wote hamjambo.

Naomba msaada wenu. Mume wangu aliacha sigara akahamia vepu, yaani sigara ya kielektroniki, ile ya kuchaji na kujaza mwenyewe, maana zile za kutupa zimepigwa marufuku hapa Uingereza tangu tarehe 1 Juni 2025. Aliinunua dukani, si mtandaoni. Haijamaliza mwezi, inavuja chini, na siku nyingine haishiki chaji kabisa. Tulipoirudisha, muuzaji akasema waranti ni ya kiwanda, tuwaandikie Shenzhen, China. Ukutani amebandika tangazo kwamba vepu hazirudishwi kwa sababu za usafi. Risiti ilishapotea, ila tulilipa kwa kadi ya benki. Je, ndiyo basi tena?

Baba Salma, Leicester

Marahaba Mama Imani. Si basi tena hata kidogo. Jambo hili linaniuma, kwa sababu nawaona watu wetu wakiondoka mikono mitupu kila wakitajiwa "sera ya duka", hasa wale ambao Kiingereza chao bado cha kubahatisha.

Sheria yenu ni Consumer Rights Act ya mwaka 2015. Kwa sheria hiyo, aliyepokea pesa ndiye anayedaiwa, na pesa yenu ilipokelewa na huyo mwenye duka. Akitaka kudaiana na kiwanda, hayo ni yake na kiwanda. Bidhaa lazima iwe na ubora unaoridhisha, ifae kwa kazi iliyonunuliwa na ifanane na ilivyoelezwa. Waranti ya kiwanda ni nyongeza juu ya hayo, haiyaondoi. Tangazo la ukutani pia haliyaondoi.

Sasa tazama kalenda. Ndani ya siku 30 mna haki ya kuikataa bidhaa mbovu na kurudishiwa pesa yote, na duka haliwezi kuwalazimisha mkubali kwanza matengenezo. Ndiyo maana nasema msikae kusubiri majibu ya Shenzhen. Mtaandikiana, mtatumiwa fomu, mtaulizwa namba ya kukwangua kwenye kasha, na siku zinakwenda. Zikipita 30, duka linapata nafasi moja ya kutengeneza au kubadilisha, na likishindwa ndipo mnaweza kudai pesa.

Kuna tofauti ambayo wengi hawaijui. Mkidai kutengenezewa au kubadilishiwa, hitilafu iliyojitokeza ndani ya miezi 6 huhesabiwa kuwa ilikuwepo tangu siku ya kununua, na muuzaji ndiye wa kuthibitisha vinginevyo. Lakini mkiikataa ndani ya zile siku 30, ninyi ndio mnaoonyesha kwamba ni mbovu. Kwa hiyo chukueni video leo: inavyovuja, na inavyokataa chaji ikiwa kwenye waya wake wenyewe.

Mwambie shemeji abadilishe koili, kile kipande kinachopasha kimiminika moto, kabla ya kwenda. Jambo la kwanza atakaloambiwa ni kwamba koili haikukaa sawa, au tangi limejazwa kupita kiasi. Koili ni kitu cha kuisha; ikiungua baada ya kutumika, hapo hakuna cha kudai. Lakini ikiwa koili ni mpya, ringi ya mpira ni nzima, na bado inavuja, hoja hiyo imekwisha. Na kutoshika chaji hakuhusiani na koili.

Kuhusu risiti, taarifa ya benki yenye jina la duka na kiasi mlicholipa inatosha kuthibitisha kwamba mlinunua pale. Andikeni barua fupi yenye tarehe, bei, hitilafu, na sentensi moja inayosema wazi kwamba mnaikataa bidhaa hiyo kwa sheria ya 2015. Bakini na nakala. Wakikubali, wana siku 14 kuirudisha pesa kwa njia ileile mliyolipia, kwa hiyo msikubali vocha.

Neema, Cardiff

Shikamoo Baba Salma. Mimi yangu niliagiza mtandaoni. Nimefungua kasha, nimeijaza, haitoi moshi. Wanasema nimeshavunja lakiri, basi hairudi. Nimesoma kwamba kwa vitu vya usafi wana haki hiyo.

Baba Salma, Leicester

Marahaba Neema. Umesoma sawa, ila hilo ni la mtu aliyebadili mawazo tu. Aliyenunua mtandaoni ana siku 14 tangu mzigo umfikie za kughairi bila kutoa sababu, na hapo ndipo lakiri iliyofunguliwa inaweza kumnyima haki hiyo. Wewe hujabadili mawazo, umeletewa kitu kisichofanya kazi. Ungejuaje kwamba ni kibovu bila kukifungua? Sheria ya 2015 inakulinda vilevile, na gharama ya kukirudisha kwa posta ni yao.

Wakikaidi, pitia benki. Kwa kadi ya mkopo na bidhaa ya zaidi ya pauni 100, kifungu cha 75 cha Consumer Credit Act ya 1974 kinaibana benki pamoja na duka, ingawa vepu chache hufika bei hiyo. Kwa kadi ya kawaida (debit), waombe wairudishe pesa kwa utaratibu wa kadi (chargeback). Hiyo si sheria, ni kanuni za makampuni ya kadi na ina kikomo cha muda, kwa hiyo usichelewe.

Khamis, Glasgow

Assalaam alaykum. Naongeza kuhusu betri, maana hapa ndipo ninapoogopa. Kifaa kikivimba, kikipata joto bila kutumika au kikitoa harufu kali, usikichaji tena hata kwa kujaribu. Kitoe chumba cha kulala, mbali na mapazia na nguo. Kipige picha kama ushahidi, kisha usikitie posta hata duka likikuagiza: Royal Mail haipokei betri zilizoharibika. Waambie hivyo kwa maandishi na uwaulize watakichukuaje. Wala usikitupe kwenye pipa la nyumbani, magari ya taka yanashika moto kwa sababu hiyo.

Tazameni na maandishi ya kasha. Tangi lisizidi mililita 2, chupa ya kujazia yenye nikotini isizidi mililita 10, na nikotini isizidi miligramu 20 kwa mililita. Kikizidi hapo, hakikuruhusiwa kuuzwa tangu mwanzo na kinafaa kuripotiwa. England na Wales mnawapigia Citizens Advice, shirika la ushauri, 0808 223 1133, nao wanafikisha kwa Trading Standards, wakaguzi wa biashara wa halmashauri. Sisi wa Scotland tuna Advice Direct Scotland. Aliyeungua au kuumwa kwa sababu ya vepu aandike pia kwenye Yellow Card, mfumo wa kuripoti madhara wa MHRA, mamlaka ya dawa ya Uingereza.

Mzee Kato, London

Salamu kwenu. Mpwa wangu yuko Kampala na ameniomba nimnunulie moja nimpelekee. Ikiharibika kule, waranti ya hapa itamsaidia?

Khamis, Glasgow

Shikamoo mzee. Kabla ya waranti, Uganda imezuia kuingiza na kuuza vepu kwa Tobacco Control Act ya 2015, kwa hiyo nakuomba usimbebee. Na yeyote anayesafiri na yake kwenda kunakoruhusiwa, aiweke kwenye begi la mkononi, kamwe isiwe kwenye sanduku la chini ya ndege.

Mama Imani, Reading

Nawashukuru sana. Tumekwenda na video, taarifa ya benki na barua. Kijana wa kaunta alitaka kutupa nyingine, tukakataa kwa upole. Akampigia bosi wake, akamsomea barua yote, bosi akakubali kurudisha pesa kwenye kadi. Kifaa tumewaachia.

Baba Salma, Leicester

Vizuri sana, mpe shemeji pongezi. Je, mlipoacha kifaa waliwaandikia chochote? Kama hapana, rudini kesho muombe mstari mmoja wenye tarehe na saini kwamba wamekipokea na wamekubali kurudisha pesa. Zile siku 14 zinahesabiwa tangu walipokubali.