Mche wa bure wa mchikichi ni ujamaa, na msamaha wa kodi wa kiwanda ni nini?

Mwana-Ujiji

Ndugu zangu, salaam. Tangu aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alipoanzisha kampeni ya kufufua zao la mchikichi mkoani kwetu Kigoma mwaka 2018, miche ya Tenera, aina bora ya mchikichi, imekuwa ikizalishwa katika kituo cha utafiti cha Kihinga na kwingineko, na wakulima wengi wamegawiwa bila malipo. Hapa Ujiji wapo wanaonung'unika kwamba huo ni ujamaa unaorejeshwa kimyakimya, na kwamba mtu hawezi kutunza asichokigharimia. Watu haohao hawana neno juu ya kampuni zinazozalisha bidhaa za kuuza nje katika maeneo maalumu, ambazo chini ya sheria ya mwaka 2002 zilisamehewa kodi ya mapato kwa miaka 10. Huo wanauita uwekezaji.

Naomba mnieleze: tofauti ya msingi kati ya misaada hii miwili ni ipi? Na kama kodi zetu zinapaswa kurekebishwa, tuanzie wapi?

Karani Mstaafu, Tabora

Mwanangu, kwanza tusiliite ujamaa kila jambo ambalo serikali inalitoa bure. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilihusu nani amiliki njia kuu za uchumi, na lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni au nyumba za kupangisha. Mche unaopandwa katika shamba lako binafsi, ambao matunda yake utayauza wewe, hauko mbali sana na ubepari.

Nilikuwa karani wa ushirika wa tumbaku, kwa hiyo siwezi kuusifu mfumo ule wote. Kwenu Kigoma watu walihamishiwa vijijini kwa Operesheni ya mwaka 1972, na si wote waliohama kwa hiari. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, ambavyo vilikuwa mali ya wakulima wenyewe, ikakabidhi kazi zao kwa mamlaka za mazao; sheria ya kuvirejesha ikaja mwaka 1982. Mkulima wa Urambo alipokonywa chombo chake kwa jina la ujamaa, jambo ambalo waliozindua Azimio la Tabora hapa mjini kwetu mwaka 2015, wakitaka kuuhuisha ujamaa, walipaswa kulizungumza kwa kirefu zaidi.

Hata hivyo, ubinafsishaji nao haukuwa wa kujitegemea kama tulivyoambiwa. Mwaka 2007 reli ilikodishwa kwa miaka 25, mwekezaji kutoka India akachukua asilimia 51 ya hisa na serikali ikabaki na asilimia 49. Haikufika miaka mitano, reli ikarudi mikononi mwa serikali. Mzigo ulipokuwa mzito uliangukia Hazina, wala hapakuwa na mtu aliyeita jambo hilo ujamaa.

Mfanyabiashara wa Kasulu

Naheshimu maoni ya mzee wangu, lakini tuzungumze kuhusu hali halisi ya mkoa. Kigoma iko mwisho wa reli, na kwa miaka mingi umeme wetu ulitoka kwenye majenereta ya dizeli wakati wenzetu walikuwa katika gridi ya taifa. Mtu mwenye mtaji atajenga kiwanda huku kwa sababu gani, ikiwa atatozwa sawasawa na aliye karibu na bandari ya Dar es Salaam? Kodi ya asilimia 30 ya faida ambayo haipo, kwa sababu kiwanda hakikujengwa, ni sifuri.

Mhasibu wa Isevya

Hoja ya ndugu wa Kasulu ina uzito, ila inatetea msamaha uliofungwa kwa eneo na kazi fulani, wakati misamaha mingi huombwa na kampuni ambazo zingekuja hata bila msamaha.

Nianze na tofauti aliyoiulizia Mwana-Ujiji. Fedha za miche hupitishwa katika bajeti, Bunge likaziona na kuzihoji, na mkaguzi akazifuata hadi kitaluni. Kodi iliyosamehewa haitoki popote, kwa hiyo haina fungu linalopigiwa kura kila mwaka, ingawa pengo lake ni lilelile. Katika mwaka wa fedha 2011/12 misamaha ya kodi nchini ilifikia takriban shilingi trilioni 1.8, na kelele zilizofuata zilichangia kupatikana kwa Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014, iliyopunguza misamaha mingi.

Tena msaada mkubwa kwa viwanda si lazima uitwe msamaha. Tuchukue mawese yenyewe. Mwaka 2018 ushuru wa kuingiza mafuta ghafi ya kula uliwekwa asilimia 25, na wa mafuta yaliyosafishwa asilimia 35. Ile 25 ilimlinda mkulima wa mchikichi na wa alizeti dhidi ya mawese ya Malaysia na Indonesia. Tofauti ya asilimia 10 ilimlinda mwenye kiwanda cha kusafisha, ambaye huagiza ghafi kutoka nje. Anayelipia ulinzi wote huo ni mnunuzi wa chupa ya mafuta, akiwemo huyo anayelalamikia mche wa bure. Kila mwenye kiwanda atapenda asilimia ya ghafi ishuke na ile ya pili ibaki palepale, na hapo ndipo mkulima wa Kigoma anapopaswa kuwa na sauti Dodoma, kwa sababu mche wa Tenera unahitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na ushuru unaweza kubadilishwa katika bajeti moja.

Kuhusu kuvutia wawekezaji, Marekani wana mfano mzuri. Mwaka 2017 jimbo la Wisconsin liliahidi kampuni ya Foxconn takriban dola bilioni 3 kwa ajira 13,000. Ajira hizo hazikutokea, na mwaka 2021 mkataba uliandikwa upya kuwa hadi dola milioni 80 kwa ajira 1,454. Ardhi na barabara zilikuwa zimeshagharimiwa na umma, lakini sehemu kubwa ya ahadi haikulipwa, kwa kuwa malipo yalifungwa kwenye ajira. Misamaha yetu ya miaka 10 chini ya sheria ile ya 2002 haikuwa na kawaida hiyo. Muda ulihesabika tu.

Mama Dagaa, Kibirizi

Wasomi mmenena vizuri, lakini mmenisahau. Mimi nalipa kodi ya makadirio, inayopigwa kwenye mauzo. Mvua ikinyesha dagaa wakaoza kabla ya kukauka, mtaji nimepoteza na kodi iko palepale, kwa sababu sina vitabu vya mhasibu vya kuthibitisha hasara. Kampuni kubwa ikitangaza hasara husikilizwa. Kabla hamjasema nani anabebwa, mniambie ni nani mwingine aliyewahi kutozwa kwa kutuma fedha zake mwenyewe kwa simu, kama tulivyotozwa Julai 2021, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja.

Mhasibu wa Isevya

Dada yangu, hapo una haki, ingawa kampuni inayotangaza hasara miaka mitatu mfululizo nayo hutozwa asilimia ndogo ya mauzo yake. Tofauti ni kwamba yenyewe inapewa miaka ya kusubiriwa na wewe hupewi hata msimu mmoja. Ukiandika mauzo yako kwenye daftari kila siku, hata kwa kalamu ya risasi, sheria inakuruhusu kulipa kwa asilimia badala ya kiwango cha jumla, na mara nyingi hicho cha kwanza ni nafuu kwa mwenye mtaji mdogo.

Mwana-Ujiji

Nawashukuru. Nimeelewa kuhusu ushuru wa ghafi, na nitalipeleka kwa wenzangu wa chama chetu cha msingi kabla ya Juni, bajeti haijasomwa. Mhasibu, kama una jedwali la viwango vya ushuru vya miaka ya karibuni, liweke hapa.