Alan Rickman hakuteuliwa Oscar hata mara moja, halafu mnasema "angestahili angepata"?!

Wakuu, nimeshindwa kunyamaza. Nimemtaja marehemu Alan Rickman kwenye mjadala wa waigizaji wa Uingereza, jamaa akanijibu: "Yule Snape wa filamu za Harry Potter? Hana hata Oscar, angekuwa mkali wangempa." Na laiki kibao kajizolea! Sasa hili nimelifungulia uzi wake.

Kwanza tuelewane. Sisemi alinyimwa ushindi. Hakuteuliwa KABISA. Hata ile ya kukaa pale ukumbini na kupiga makofi ya kinafiki mwenzio anapotangazwa, hakuipata mpaka anafariki London tarehe 14 Januari 2016 kwa saratani ya kongosho, akiwa na miaka 69.

Tuanze na Die Hard, 1988. Ndiyo filamu yake ya kwanza ya sinema, na ilipotoka alikuwa na miaka 42 (huyu alianza kama mbunifu wa michoro, akaingia chuo cha uigizaji cha RADA akiwa na miaka 26, tena akawa anajikimu kwa kuwavalisha waigizaji wakubwa). Adui wake, Hans Gruber, hafoki wala hatunishi misuli. Kavaa suti, anaongea taratibu, na unamwogopa. Kuna pale anakutana ana kwa ana na staringi, papo hapo anajifanya mateka aliyetoroka: lafudhi inageuka, mabega yanashuka, macho yanakuwa ya mtu anayeomba huruma. Mwingereza anaigiza Mjerumani anayeigiza Mmarekani! Akademi, wale wanaotoa Oscar, ikaiteua filamu hiyo kwenye vipengele vinne: uhariri, sauti, uhariri wa milio na picha za kimazingaombwe. Yaani vioo vikipasuka walivisikia vizuri tu, ila sauti ya Rickman hawakuisikia.

Sasa njooni kwenye lile linaloniuma kuliko yote. Mwaka 1985 Royal Shakespeare Company, kampuni ya maigizo ya jukwaani yenye makao Stratford, walimpa nafasi ya Valmont, mhusika mkuu wa kiume, kwenye tamthilia ya Christopher Hampton, Les Liaisons Dangereuses, akiwa na Lindsay Duncan. Ikatoka Stratford ikaja London, ikavuka bahari mpaka Broadway mwaka 1987, na wote wawili wakateuliwa Tony, tuzo ya maigizo ya jukwaani ya Marekani. Ilipofika zamu ya filamu, Hollywood wakawaweka kando wote wawili, wakawachukua John Malkovich na Glenn Close. Filamu ikapata uteuzi 7 na kubeba Oscar 3, mojawapo ya Hampton mwenyewe. Malkovich sina ugomvi naye, ni fundi. Lakini mtu kahangaika na mhusika tangu Stratford, usiku baada ya usiku, halafu siku ya kuvuna anaitwa mwingine? Na hapo bado mnamuuliza Oscar yake iko wapi!

Mtasema Oscar hawapendi maadui. Acheni hizo. Mwaka 1992 Anthony Hopkins, Mwingereza mwenzake kutoka Wales, alibeba Oscar ya mwigizaji bora kwa kuigiza mla watu. Mwaka huohuo BAFTA, tuzo za filamu za Uingereza, ilimpa Rickman tuzo ya mwigizaji msaidizi kwa yule sherifu wa Robin Hood, na palepale alikuwa ameteuliwa pia mwigizaji bora kwa Truly, Madly, Deeply, ambako anaigiza mpenzi mfu anayerudi nyumbani na kuanza kumkera mwenzake. Kazi mbili zisizofanana hata kidogo! Akademi kimya.

Sense and Sensibility ya 1995 nayo ilipata uteuzi 7. Emma Thompson akashinda kwa kuandika, Kate Winslet akateuliwa. Rickman, aliyeigiza Kanali Brandon? Hola. Rudieni pale Winslet yuko mahututi, Rickman yuko nje ya chumba kaegemea ukuta, anaomba apewe kazi yoyote ya kufanya kabla hajarukwa na akili. Hapigi kelele, hadondoshi chozi, na bado unashindwa kumeza mate. Mwaka uliofuata akaigiza Rasputin kwenye filamu ya televisheni, akazoa Emmy, Golden Globe na tuzo ya chama cha waigizaji wenyewe. Hao wote walikosea?

Snape naye mnamfanya mdogo bure. Filamu 8, miaka kumi, anabeba siri ya mhusika wake ambayo mwandishi wa vitabu hivyo, J.K. Rowling, alimdokeza mapema, na hakuivujisha. Ile ya mwisho, 2011, ikateuliwa kwa vipodozi, mapambo ya seti na picha za kompyuta.

Na asije mtu na hadithi ya mwigizaji Peter O'Toole kuteuliwa mara 8 bila kushinda. Yeye angalau aliitwa mara 8, na mwaka 2003 wakampa ile ya heshima. Anayekuja kubisha aanze na hilo la Valmont, matusi abaki nayo.