Santuri na kanda za babu: nianze na zipi?

MjukuuWaIlala:
Wakuu, habari za jioni. Babu alifariki mwaka jana, na tumefungua sanduku lake hapa Ilala. Kuna santuri nyeusi nzito zilizoandikwa 78 (mizunguko kwa dakika), ndogo za 45, na kaseti alizorekodi mwenyewe kutoka Redio Tanzania Dar es Salaam. Mjomba ana mashine ya santuri, ila ina mwendo wa 33 na 45 tu. Nataka kuweka kila kitu kwenye flashi. Nianze na zipi? Na hizo nzito nizifute kwa spiriti?

Bi_Temeke:
Pole na msiba. Kaseti achana nazo, nyimbo hizo zimejaa YouTube. Shughulikia santuri, ndizo zenye thamani.

FundiGerezani:
Pole sana mjukuu wangu. Spiriti weka mbali! Sahani za 78 za zamani ni za shelaki, utomvu wa mdudu, na spiriti huiyeyusha. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Wala usizipige kwenye mashine ya mjomba, maana tatizo si mwendo peke yake. Mfereji wa 78 ni mpana karibu mara tatu ya ule wa LP, ile santuri kubwa ya mwendo wa 33 iliyoingizwa sokoni na Columbia mwaka 1948, kwa hiyo sindano ya LP inazama mpaka chini na kukwangua uchafu. Tafuta sindano ya 78. Soma lebo vizuri, huenda ukakuta jina kubwa: Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, sauti yake iliwekwa kwenye sahani za namna hiyo, kama dakika tatu kila upande.

Bi Temeke, kwenye kaseti sikubaliani nawe hata kidogo. Santuri ilichapwa nakala nyingi, za bendi zetu zikichapwa Nairobi, kwa hiyo huenda mtu mwingine anayo. Lakini RTD ilirekodi bendi studioni kwa ajili ya kurusha hewani, na nyimbo nyingi hazikuwahi kuwa santuri. Nimefanya kazi ya redio Kariakoo miaka mingi, nimeona watu wakirekodi mahubiri juu ya kanda kama hizo. Inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo mjukuu, anza na kaseti, tena wiki hii. Vunja vile vidude viwili vya plastiki ukingoni ili asirekodi mtu juu yake. Zungusha utepe taratibu kwa kalamu ya Bic, ujue kama umeganda. Kichwa cha redio kaseti safisha kwa pamba na spiriti. Hapo ndipo kazi ya spiriti. Sauti ikiyumba, badilisha mkanda wa mpira unaozungusha mashine ndani ya redio. Kisha toa waya tundu la hedifoni uingize kwenye kompyuta, urekodi WAV, faili linalohifadhi sauti yote. MP3 hutupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo. Hiyo tengeneza baadaye, ya kusikiliza kwenye simu.

MjukuuWaIlala:
Shikamoo mzee, ahsante sana. Kaseti mbili zina ukungu mweupe. Nyingine imeandikwa C120.

FundiGerezani:
Marahaba. Zenye ukungu zitenge, usizipige, zitachafua kichwa na kuharibu nyingine. Hiyo C120, yaani ya dakika 120, utepe wake ni mwembamba mno: usiikimbize mbele wala nyuma, iache icheze mwendo wake. Na kila alichoandika babu kwenye makasha, majina ya bendi na tarehe, kipige picha kabla wino haujafutika.