Mvua ikianza, mtoto anatetemeka

Swali: Tangu tope la Mlima Hanang literemke mjini Katesh, Tanzania, Desemba 3, 2023, mtoto wa miaka 8 akisikia mvua hutetemeka, usiku anakojoa kitandani. Tumsaidieje?

Jibu: Asilazimishwe kusimulia. Akianza kutetemeka, akae nyayo zikanyage sakafu, avute pumzi puani kwa hesabu ya 3, aitoe polepole mdomoni kwa 6. Kisha ataje vitu 5 anavyoviona, 4 anavyovigusa. Zoezi hili mfundisheni siku ya jua; akishashikwa na hofu hashiki kitu.

Jibu: Tena asichapwe kwa kukojoa, hofu itazidi. Na diazepamu (dawa ya kutuliza) ya dukani hapana kabisa! Inalewesha tu, mshtuko unabaki, na mwili huizoea. Mwezi umeshapita na hofu haijaisha, kwa hiyo mpelekeni hospitali, muulizie huduma ya afya ya akili.