Syrah ya Côte-Rôtie: je, mteremko unaingia kweli katika ladha, au tunalipia jasho tu?

Mwenye depo, Nguba (Bukavu)

Ndugu wapendwa, nina depo ya vinywaji hapa Bukavu, na divai nyekundu ninazoweka ni hasa za Afrika Kusini, kwa sababu ndizo wateja wangu wanazoweza kulipia. Hivi karibuni mzee mmoja aliyewahi kukaa Lyon aliniagiza chupa za Côte-Rôtie, divai nyekundu ya Ufaransa inayotengenezwa kwa zabibu za Syrah, kwa ajili ya arusi ya binti yake. Nilipoulizia bei kwa msambazaji nilishangaa, kwani ni mara nyingi zaidi ya Shiraz ninayouza, nami naambiwa kwamba mzabibu ni ule ule, Shiraz ikiwa ni jina jingine tu la Syrah. Maelezo niliyopewa ni kwamba mashamba yako kwenye mteremko mkali. Sisi wa Bukavu tumezaliwa kwenye miteremko, na tunajua kwamba mteremko huleta kazi nyingi na mmomonyoko wa udongo. Sielewi unaongezaje ladha. Naomba anayejua anifafanulie, ili nami niweze kumweleza mteja bila kumdanganya.

Mhudumu wa meza (Lubumbashi)

Dada, mzabibu ni ule ule kweli. Uchunguzi wa vinasaba uliofanyika mwishoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba Syrah ilizaliwa na mizabibu miwili ya kusini-mashariki mwa Ufaransa, Dureza na Mondeuse Blanche, kwa hiyo bonde la Rhône ya kaskazini ni kama nyumbani kwake. Jambo la kuzingatia ni kwamba Côte-Rôtie iko karibu na mpaka wa kaskazini ambako mzabibu huo unaweza kuiva vizuri, na hapo ndipo mteremko unapofanya kazi. Mto Rhône ukishaupita mji wa Vienne huelekea kusini-magharibi kwa kitambo, hivyo kilima kilicho juu ya kijiji cha Ampuis kinatazama kusini-mashariki, kinapokea jua tangu asubuhi, na mgongo wake unakinga sehemu ya upepo wa kaskazini. Syrah ile ile ikipandwa kwenye tambarare ya eneo hilo ingepata shida kuiva.

Hata hivyo joto hilo lina kiasi, na zabibu huiva polepole. Ndiyo maana divai hii haina uzito wa Syrah za nchi za joto. Ukiinusa utakutana na harufu ya maua ya urujuani, kisha zeituni nyeusi, nyama iliyokaushwa kwa moshi, na pilipili manga. Pilipili hiyo si maneno ya wauzaji: inatokana na kemikali iitwayo rotundoni, ambayo imo pia katika pilipili manga yenyewe, na kwa kawaida huwa nyingi zaidi Syrah inapokua mahali pa baridi.

Kilima chenyewe nacho kina pande zenye tabia tofauti. Côte Brune ina miamba myeusi yenye chuma na udongo wa mfinyanzi, na divai yake huwa ngumu na hukawia kulainika; Côte Blonde ina udongo mweupe zaidi na wa mchanga, na divai yake huwa laini mapema. Hadithi ya huko husema kwamba bwana Maugiron aliwagawia binti zake wawili pande hizo, mmoja mwenye nywele nyeusi na mwingine mwenye nywele za dhahabu. Mzee wa arusi ataipenda hiyo.

Mtu wa kilimo (Goma)

Naomba niongeze, na kwa heshima nitofautiane kidogo na yaya wa Lubumbashi. Mzizi haupandishi ladha ya mwamba hadi kwenye tunda. Udongo mwembamba wenye mawe hupitisha maji upesi, mzabibu unakosa anasa, na matunda yanakuwa madogo. Tunda dogo lina ganda jingi zaidi kwa kulinganisha na maji yake, na rangi, ukakasi na sehemu kubwa ya harufu vimo katika ganda. Hivyo ndivyo mteremko unavyoingia katika glasi.

Kuhusu jasho, dada, usilidharau, kwa maana pale ambapo mteremko unapita asilimia 60 trekta haipandi. Kila kitu hufanywa kwa mkono: kila mzabibu hufungwa kwenye miti iliyoegemezwa pamoja juu, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji hujengwa upya zinapoanguka, na udongo ulioshushwa na mvua hurudishwa juu, kama walimaji wa Walungu wanavyojua. Baada ya wadudu wa filoksera kuiharibu mizabibu na Vita vya Kwanza vya Dunia kuwaua vijana wa kulima, mashamba mengi yaliachwa. Jina la eneo lililindwa kisheria mwaka 1940, lakini hata katika miaka ya 1970 zilikuwa zimebaki hekta zisizofika 100. Leo zimepita 300. Eneo hilo bado ni dogo mno kwa divai inayotafutwa dunia nzima, na nadhani bei inatokana na uhaba huo kama inavyotokana na ladha.

Mwenye depo, Nguba (Bukavu)

Aksanti sana, nyote wawili. Msambazaji aliniambia pia kwamba ndani yake kuna zabibu nyeupe. Je, ni kweli? Na arusini niishauri familia iipange na chakula gani?

Mhudumu wa meza (Lubumbashi)

Ni kweli, dada. Sheria inaruhusu hadi asilimia 20 ya Viognier, ambayo lazima ichachushwe pamoja na Syrah. Wengi hutia kidogo sana, na wengine hawatii kabisa. Inaongeza harufu ya maua na, ingawa ni nyeupe, husaidia rangi nyekundu kushika.

Chakula kiwe mbuzi wa kuchoma au kondoo. Wanaokula sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wapewe kinywaji kingine, kwa sababu mafuta ya samaki yakikutana na ukakasi wa divai nyekundu huacha ladha ya chuma mdomoni. Tazama mwaka ulioandikwa kwenye chupa: ikiwa ni changa, ifunguliwe saa mbili au tatu mapema na kumiminwa katika jagi la kioo, na ikiwa imefikisha miaka kumi, isimamishwe wima tangu siku iliyotangulia ili mashapo yatulie chini. Kwa hali ya hewa ya Bukavu, kuiweka ndani penye kivuli kunatosha. Kwetu Lubumbashi mwezi wa kumi ningeitia kwenye friji kwa nusu saa kwanza.